Nani Atakayerithi Kazi ya Mgeni?

Wanachama wetu wengi wameifurahia amri iliyotolewa Bara mwezi wa Julai 2025, iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo duka la rejareja, utengenezaji wa simu na ununuzi wa mazao shambani kwa mkulima. Hatutaficha: sisi wenye maduka tuliifurahia vilevile. Lakini furaha hiyo imetughafilisha na jambo kubwa zaidi, nalo ni habari ya mgeni asiyekuja na duka wala mtaji, bali aletwaye na kampuni kufanya kazi ya mshahara.

Mgeni huyo ana sheria yake. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, itumikayo Bara, yamtaka awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na mbali na hicho awe na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kimoja bila ya kingine hakimfai. Tajiri anayetaka kumwajiri hana budi kwanza aonyeshe kuwa amemtafuta raia mwenye ujuzi huo asimpate. Kibali hutolewa kwa miezi 24, na huweza kuhuishwa.

Na ndani ya sheria hiyo mna sharti ambalo kwetu sisi ndilo roho yake: tajiri aandike mpango wa kumrithisha raia ujuzi wa mgeni, ili muda ukimalizika kazi iwe na mwenyewe. Aliyesoma chuoni hahitaji kufafanuliwa. Mwalimu akisafiri, khalifa wake hukaa juu ya mkeka na watoto wakaendelea na juzuu zao. Na mwalimu asiyetoa khalifa, chuo chake hufungwa siku anayozikwa.

Msomaji wa kisiwani ataka mfano, nasi twampeleka Makambako, mkoani Njombe, inapokutana barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Ndiko tunakopanda kutafuta mbatata na mbao. Reli ile ilijengwa baina ya 1970 na 1975, na Wachina kwa maelfu walikuja kuijenga. Walichimba mahandaki ya sehemu ile ngumu ya Mlimba hadi Makambako pamoja na vijana wa nchi hii, kisha reli ikakabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976. Ule ulikuwa urithi wa kweli. Lakini reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hata chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15. Hatusemi sababu ni moja, kwani upungufu wa fedha na ubovu wa mabehewa haumjui fundi hodari. Twasema tu kwamba ujuzi haurithishwi mara moja ikawa basi.

Mwezi wa Septemba 2025 reli hiyo iliwekewa saini mkataba mwingine, kampuni ya Kichina ya CCECC iiendeshe kwa miaka 30, kwa ahadi ya dola bilioni 1.4. Basi hapana shaka wageni watashuka tena Makambako, na safari hii watashuka na vibali. Ni wangapi? Kwa kazi zipi? Na ni jina la raia gani lililoandikwa ubavuni mwa jina la kila mmoja wao?

Hali kadhalika Njombe kwenye parachichi. Sheria ya uwekezaji ya 1997 ilimpa mwenye cheti nafasi ya wageni hadi 5 wakati wa kuanza. Ile ya 2022 ikazidisha hadi 10. Hatuna ugomvi na mgeni ajuaye kulihifadhi tunda katika baridi mpaka lifike Ulaya. Ugomvi wetu ni kumkuta mgeni yule yule mwaka wa sita, ilhali kijana wa Njombe aliyesoma ufundi bado anabeba masanduku. Zama za Mwingereza Njombe ilitoa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakarudi na mikono waliyokwenda nayo. Wajukuu wao wana haki ya kuuliza.

Wako wasemao wageni wote wafukuzwe. Hao wamesahau jamaa zetu walioko Maskati na Dubai, ambao nao wanaishi kwa vibali vya watu.

Huku Visiwani kazi si jambo la Muungano, na tunayo Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Uhamiaji ndio wa Muungano. Kwa hiyo swali lina milango miwili. Tunawataka wabunge wetu wadai mipango ya kurithisha ya TAZARA iwekwe mezani, kituo kwa kituo, kuanzia Makambako. Na wawakilishi wetu Barazani wadai idadi ya vibali vya mahoteli ya Unguja na Pemba, pamoja na majina ya raia wanaofunzwa kazi hizo.