Fildi ya Kijana wa Jiografia Ilipwe

Leeds, Uingereza

 

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali lile lile hunifikia kutoka nyumbani Tanzania. Mtoto amefaulu, kasoma tahasusi ya HGE au EGM au CBG, na jiografia ndiyo iliyombeba kuliko masomo mengine, asome nini? Kabla sijajibu, mtu kwenye kundi la familia huwa ameshajibu: jiografia ni ya ualimu, na walimu wamejaa mtaani wakisubiri ajira, kwa hiyo atafute kitu kingine. Jibu hilo linaniuma. Ualimu naupenda na kuuheshimu. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza kwamba mistari ya ramani inaweza kukwambia maji yatapita wapi. Kinachoniuma ni kwamba nchi yetu ina kazi nyingi za jiografia zisizo na wa kuzifanya, na papo hapo ina wahitimu wa jiografia wasio na kazi. Naamini mahali pa kukutanisha kazi hizo na wahitimu hao ni kwenye fildi, ile miezi michache ya mafunzo kwa vitendo ambayo tumeiacha iwe ya kutimiza masharti ya chuo tu.

Kwanza kazi zenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Aprili iliyofuata Rufiji ikafurika, na Mei kimbunga Hidaya kikasogea pwani. Kabla ya kila janga kama hilo kuna maswali yanayopaswa kuwa yameshajibiwa: mteremko upi umelegea, nyumba za nani ziko kwenye njia ya maji, zahanati ipi itabaki inafikika. Majibu yake hutokana na kupima, kuchora na kuuliza wenyeji. Ni kazi ya mtu aliyesomea jambo hilo, na lazima ifanyike miaka kabla ya mvua.

Si majanga peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Nchi ina mabonde 9 ya maji, na kila bonde linahitaji watu wa kufuatilia mito na visima. Vijiji vyetu, ambavyo ni zaidi ya 12,000, vinahitaji mipango ya matumizi ya ardhi ili mkulima na mfugaji wajue mipaka kabla hawajashikiana fimbo. Kule wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinavyotunza misitu vimeanza kupata fedha za hewa ya ukaa, na fedha hizo zinajenga madarasa na zahanati. Ili kijiji kifike hapo, mipaka yake lazima ijulikane, msitu upimwe, na picha za setilaiti zilinganishwe mwaka hadi mwaka. Natamani sana kuona mtoto wa kijiji hicho hicho ndiye anayezisoma picha hizo, badala ya kuletewa ripoti iliyoandikwa mbali na kuambiwa asaini.

Waajiri hujibu kwamba mhitimu anakuja na nadharia tupu. Kuna ukweli hapo, ila tutazame fildi yake ilivyokuwa. Kijana anapewa barua ya utambulisho na kuambiwa atafute ofisi. Ofisi inampokea kwa ukarimu, halafu haina la kumpa. Anapanga mafaili, anatumwa vocha, jioni anajaza kitabu cha kumbukumbu. Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na ni jambo jema, lakini asiyepata mkopo anajitegemea. Matokeo yake hachagui ofisi atakayojifunza. Anachagua iliyo karibu na nyumba ya mjomba wake, maana ndiko atakakolala na kula bure. Binti wa Mpanda asiye na ndugu Dodoma wala Dar es Salaam hafiki kabisa kwenye ofisi zenye kazi za maana. Mwenzake aliyezaliwa Mikocheni anafika, anafahamika, na tangazo la ajira linapotoka tayari ana cha kuandika kwenye wasifu wake. Chuo waliingia kwa alama zile zile. Ndiyo maana sikubali tunapopima upana wa elimu ya juu kwa idadi ya waliodahiliwa tu. Mlango wa pili uko ndani ya chuo, na maskini anaachwa pale bila mtu kumwambia kwamba ameachwa.

Tumeshawahi kufanya vizuri zaidi, tena sisi wenyewe. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na kata nyingine zinazofurika, wakatembea na wakazi na viongozi wa mitaa uchochoro kwa uchochoro, wakaweka kwenye ramani ya OpenStreetMap nyumba, mitaro, makaravati, visima na vyoo. Baadaye fildi ya mamia ya wanafunzi ikawa ndiyo hiyo. Mama aliyekaa bondeni miaka 20 alionyesha ukutani maji yalipofika, na kijana akapima kimo hicho na kukiandika. Zanzibar nako, kuanzia 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki na Kamisheni ya Ardhi kupiga picha za Unguja na Pemba kwa droni. Yule aliyepitia kazi ya namna hiyo hana haja ya kumwambia mwajiri kwamba ana ujuzi. Anafungua kompyuta na kumwonyesha kata aliyoichora.

Udhaifu wa miradi hiyo ni kwamba fedha za wafadhili zina tarehe ya mwisho. Nataka kazi hii ihamie kwenye bajeti za kawaida za halmashauri, iwe kama ukarabati wa barabara, mwaka baada ya mwaka.

Mtaniuliza huku wanafanyaje. Ada zao msiziige: Uingereza iliruhusu ada kupanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka kuanzia 2012, na vijana wanahitimu na madeni ya kutisha. Igeni mambo mengine mawili. La kwanza, idara nyingi za jiografia za huku zimeona kwamba safari za mafunzo za kulipia ziliwabagua watoto wa wasionacho, zikaamua kwamba safari ya lazima hailipiwi na mwanafunzi. La pili, tangu 2015 England ina utaratibu wa kijana kuajiriwa huku akisomea shahada: analipwa mshahara, na ada yake wanabeba mwajiri na serikali. Katika mji huu ninaoishi, Mto Aire ulifurika vibaya siku moja baada ya Krismasi ya 2015, na tangu hapo nimeelewa vizuri kwa nini mji unahitaji watu wanaojifunza wakiwa kazini, wanaoujua mto kwa macho yao.

Nyumbani wapo watu wa aina hiyo, ila hatuwaiti wanataaluma. Kando ya mito yetu kuna wasomaji wa vipimo ambao kila siku huandika kina cha maji. Kuna askari wa misitu wa kijiji, kuna wapimaji wenye cheti kutoka Chuo cha Ardhi Tabora au Morogoro. Hata zamani ilikuwa hivyo: wapelelezi Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuja kuongoza misafara mingi kuliko wao. Chama cha wanajiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, lakini vitabu viliandikwa na wengine. Sasa tunacho Chuo Kikuu Huria tangu 1992, na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ina njia za kuwaingiza chuoni wenye stashahada na wenye ujuzi wa kazini. Msomaji wa vipimo wa Kilombero aelezwe njia hizo na ofisi ya bonde lake, na apewe ruhusa na muda wa kusoma.

Wakurugenzi wa halmashauri, ninachowaomba kinabebeka. Tengeni kwenye mapato ya ndani posho ya chakula na malazi kwa wanafunzi wachache wa fildi, na kila mmoja mpeni kata na swali moja: mitaro iliyoziba, visima vinavyokauka, mipaka ya malisho. Programu ya QGIS ni ya bure, na picha za Sentinel-2 zinazoonyesha ardhi kwa mita 10 pia ni za bure. Gharama kubwa ni bando na mtu. Wahitimu wakiunda kikundi, wafikirieni kwenye ile asilimia 4 ya vijana katika mikopo ya halmashauri, wanunue kompyuta na vifaa vya kupimia, kisha wawauzie huduma ninyi na vijiji.

Wakuu wa idara za jiografia vyuoni, sisi tulio huku tukifanya kazi za ramani na mazingira tupo tayari kukaa na wanafunzi wenu mtandaoni jioni, kukagua ramani zao na kuwaandikia barua za ushuhuda wanapoomba kazi. Tuandikieni mkituambia kata, swali na majina ya wasimamizi. Mkianza na kata moja tu sasa, ramani yake ya mitaro inaweza kuwa mezani kwa mtendaji kabla ya masika.

Wenu,
mtoto wenu wa Leeds