Ndege ya kukodi: Mkulima aulize kilo na marubani kabla ya bei

WAKULIMA wa miraa wa Meru na wafanyabiashara wanaowanunulia wanajua hasara ya ndege kukosa kuruka. Somalia ilipozuia miraa ya Kenya Machi 2020, soko lao kubwa la nje lilifungwa hadi Julai 2022. Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku miraa tangu 2014. Kwa zao linalopoteza thamani baada ya siku mbili hivi, ndege ndiyo soko lenyewe.

Ndiyo maana kampuni mpya ya ndege za kukodi inapotangaza nauli ya chini, wengi hukimbilia kutia sahihi. Lakini bei iliyo kwenye karatasi haisemi ndege itabeba kilo ngapi, wala itaruka siku ngapi kwa mwezi.

Tuchukue Cessna Grand Caravan, ndege ya injini moja inayotumiwa sana Afrika Mashariki. Uzito wake wa juu wakati wa kupaa ni karibu kilo 3,970. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 2,200 hivi. Ukiondoa marubani wawili, inabaki nafasi ya takriban tani moja na nusu. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo muuzaji hupenda kuitaja.

Lakini mafuta nayo yana uzito. Kutoka Nairobi hadi Mogadishu ni kama kilomita 1,000, yaani zaidi ya saa tatu angani kwa ndege hiyo. Mafuta ya safari pamoja na akiba ya dharura hufikia kilo 650 hivi. Mzigo unaobaki ni kilo 850.

Hapo ndipo hesabu ya mfanyabiashara hubadilika. Anayekodi hulipia safari nzima, kwenda na kurudi, hata kama ndege inarudi tupu. Tuseme kwa mfano bei ni Sh1,020,000. Kwa kilo 1,500, nauli ni Sh680 kwa kilo. Kwa kilo 850, ni Sh1,200. Tofauti hiyo hutoka mfukoni mwa mkulima, kwani mnunuzi hupunguza bei shambani.

Uwanja nao una neno. Mahali pa juu na penye joto hewa huwa nyepesi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kupaa au ipunguziwe mzigo. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Isiolo, uliofunguliwa 2017, ulitarajiwa kuwapunguzia wakulima wa Meru safari ya Nairobi. Lakini ulifunguliwa ukiwa na njia ya mita 1,400 hivi, fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo zikiwa zimejaa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni marubani. Sheria za usafiri wa anga huwawekea kikomo cha saa ili wasiruke wakiwa wamechoka. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, haziruhusu zaidi ya saa 100 za kuruka katika siku 28. Safari ya Mogadishu kwenda na kurudi ni karibu saa saba. Kwa kipimo hicho, rubani humaliza saa zake baada ya safari 14. Kampuni inayoahidi kuruka kila siku kwa ndege moja inahitaji angalau jozi mbili za marubani, na jozi ya tatu kwa ajili ya ugonjwa na likizo.

Isitoshe, saa za kazi za rubani huhesabiwa tangu anaporipoti kazini, si tangu injini inapowashwa. Gari likichelewa kutoka Maua, saa hizo zinakwisha ndege ikiwa bado chini. Zikiisha, mzigo hulala. Kwa hiyo nidhamu ya muda ni ya pande zote mbili.

Ndege yenyewe pia hupumzishwa kwa ukaguzi kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Kampuni yenye ndege moja haina mbadala siku hiyo.

Haya yote hayamaanishi kampuni mpya ziepukwe. Ushindani hushusha nauli, na ndege ndogo humfaa mwenye mzigo mdogo. Ila kabla ya kulipa amana, vikundi vya wakulima na wafanyabiashara viulize mambo manne: cheti cha uendeshaji kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, kilo zitakazobebwa kutoka uwanja huo hadi kule mzigo unakokwenda, idadi ya marubani, na ndege ya akiba.

Majibu yaandikwe katika mkataba, pamoja na fidia ya mzigo utakaoachwa. Bila hivyo, nauli nafuu itabaki nafuu kwa mwenye ndege peke yake.