Vyuo viseme ukweli kabla ya kupokea ada

Serikali ya Uingereza imekwisha kuamua. Mhitimu wa kigeni wa shahada ya kwanza au ya uzamili atakayeomba viza ya wahitimu kuanzia Januari 1, 2027 atapewa miezi 18 ya kubaki na kufanya kazi, si miaka miwili tena. Kwa anayetaka kuwa solisita England na Wales, uamuzi huo unagongana na masharti ya taaluma yenyewe. Tangu 2021 njia kuu ya kuifikia ni kufaulu mitihani ya kufuzu usolisita (SQE) na kutimiza miaka miwili ya kazi ya kisheria. Miezi 18 haitoshi.

Kila nchi ina haki ya kupanga viza zake. Lisilovumilika ni ukimya wa wanaonufaika na ada. Chuo kinachomtoza kijana wa Mwanza au Kisumu ada inayopita maradufu ya ile ya mzawa kinazijua hesabu hizi. Wakala anayelipwa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa hana kisingizio cha kutozijua. Kuuza shahada ya sheria kama tiketi ya ajira London huku masharti haya yakifichwa ni udanganyifu.

Madhara yake ni makubwa. Viza ya wahitimu ikiisha, mhitimu anahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni na mshahara usiopungua pauni 33,400 kwa mwaka, hata kwa anayeanza kazi. Ofisi nyingi ndogo za mawakili hazina leseni hiyo. Kampuni kubwa huchagua watarajali wao takriban miaka miwili kabla hawajaanza kazi. Mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja anakuwa amechelewa siku anapowasili. Akirejea nyumbani, Tanzania au Kenya, shahada yake itasubiri kutambuliwa, na bado atatakiwa kupita shule ya sheria kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Familia iliyouza shamba ilistahili kuyajua haya mapema.

Njia ipo, ila haitangazwi. Miaka miwili ya kazi ya kisheria yaweza kugawanywa katika hadi taasisi nne. Kazi ya kliniki ya msaada wa kisheria chuoni huhesabiwa. Hata kazi iliyofanyika Nairobi au Dar es Salaam huhesabiwa, mradi ithibitishwe na solisita wa England na Wales. Mwanafunzi aliyeelezwa haya mwaka wa kwanza huhitimu akiwa na miezi mkononi. Asiyeelezwa huanzia sifuri huku viza ikimwishia.

Vyuo vinavyosajili wanafunzi Afrika Mashariki vitoe maelezo haya kwa maandishi kabla ya kupokea malipo yoyote. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na mamlaka husika za Kenya ziwawajibishe mawakala wanaoahidi ajira wasiyoweza kuitoa, na adhabu iwe kufutiwa usajili. Vyama vya wanasheria vya nchi zote mbili viwaunganishe wanafunzi na masolisita walio tayari kusimamia na kuthibitisha kazi zao.

Atakayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 atahitimu chini ya kanuni mpya. Aelezwe hivyo kabla hajalipa. Chuo kitakachomficha kirudishe ada yake yote.