Jagina Hazaliwi Kila Mwaka

Wapo wapenzi wa sinema washikiliao kwamba filamu ya jagina mwenye nguvu za ajabu haikamiliki pasipo kuonyesha asili yake: kazaliwa wapi, kafiwa na nani, nguvu kazipataje. Hoja yao huitilia nguvu kwa methali ya wahenga, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, ila imeletwa barazani kushuhudia jambo lisilo lake. Wahenga hawakumlaumu asiyeisimulia asili yake, walimlaumu aiachaye. Baina ya kusimulia asili na kuishi nayo pana masafa makubwa, na filamu nyingi za Marekani zimepotelea humo.

Na iangaliwe historia. Superman alipotokea mara ya kwanza katika kitabu cha vibonzo mwaka 1938, watunzi wake, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliimaliza habari ya asili yake katika ukurasa mmoja, kisha wakamtuma kazini. Batman alitokea mwaka 1939, akapambana na wahalifu kwa miezi kadhaa kabla wasomaji hawajaambiwa kwamba wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake. Spider-Man, mwaka 1962, alipewa kurasa 11, na ndani yake yakaenea yote: buibui, nguvu, kiburi, kosa na majuto. Kurasa hizo chache zimewatosha majagina hao kuishi hadi leo.

Sinema ndiyo iliyolifanya dogo kuwa kubwa. Spider-Man alisimuliwa mwanzo wake mwaka 2002, na miaka 10 baadaye akarudishwa shuleni, akaumwa tena na buibui, akafiwa tena na mjomba wake. Wazazi wa Batman waliuawa katika filamu ya mwaka 1989, wakauawa tena mwaka 2005, na tena mwaka 2016. Maiti hao hawaachwi wakapumzika. Hadithi haikuhitaji vifo hivyo vyote. Mwenye mali ndiye aliyehitaji kufungua daftari jipya. Siegel na Shuster waliiuza haki ya jagina wao kwa dola 130, na tangu siku ile Superman ana mmiliki asiye mtunzi. Mtunzi husimulia asili kwa kuwa ana jambo la kusema. Mmiliki huweza kuirudia kwa kuwa bidhaa imechakaa na yataka kupakwa rangi.

Watu wa pwani wanao ushahidi wao katika shauri hili. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, haukawii utotoni mwa shujaa wake. Mara msikilizaji humkuta amekwisha kuwa mwanamume kamili, na nguvu zake zimekwisha kujulikana. Hapana anayeuliza kazipata wapi. Kinachosimuliwa ni namna anavyozitumia, hila yake ya kutoka kifungoni, na jinsi siri ya sindano ya shaba ilivyowafikia maadui kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Akisha kuchomwa kitovuni, Liyongo huenda kisimani, hupiga goti, hutia mshale utani, hufa hivyo. Na watu hawathubutu kusogea kuteka maji. Hata maiti yake imebaki na hulka yake. Huko ndiko kumwekea shujaa uaminifu.

Hapa ndipo penye suala la pili, lililo zito kuliko la kwanza: je, mtengeneza filamu amefungwa na tabia ya mhusika aliyemkuta? Wapinzani huuliza, uaminifu kwa kitu gani? Superman wa mwaka 1938 hakuruka angani, alichupa tu. Batman, katika visa vyake vya mwanzo, alishika bastola na kuua. Ni kweli, na hoja hii ina uzito wake. Lakini yenyewe yaonyesha kwamba uaminifu haudaiwi kwa herufi ya kwanza iliyoandikwa. Wadaiwa kwa ahadi iliyokua baina ya mtunzi na hadhira, kisa baada ya kisa, hadi pakawa na miiko. Mtoto aliyeshuhudia wazazi wake wakipigwa risasi akakua akaikataa bunduki. Mgeni awezaye kuuvunja mji kwa kofi akaamua kutoua. Rangi ya nguo hubadilika bila ya hasara, lakini mwiko ukiondolewa hubaki mwili mkubwa wenye misuli, na jagina hayupo tena.

Tazama filamu ya Man of Steel ya mwaka 2013. Yafungua kwa uchungu wa mama akijifungua, na sayari nzima ya Krypton yaangamia mbele ya mtazamaji. Asili imesimuliwa kwa ukarimu usio kifani. Kisha, mwishoni, Superman amvunja shingo Zod. Watetezi husema hakuwa na njia nyingine, kwani Zod alikaribia kuiunguza familia isiyo na hatia. Lakini njia hizo nyingine nani aliyeziziba, kama si mwandishi? Na baada ya kilio kifupi filamu yaendelea na mambo yake, kana kwamba mwiko ulikuwa kikombe kilichopasuka. Batman wa mwaka 2016 vivyo hivyo: filamu yaanza na kifo cha wazazi wake, kisha yeye mwenyewe aonekana akiua kwa silaha za moto. Filamu hizi mbili zimesimulia asili, na zimeiacha.

Sasa linganisha na Superman ya James Gunn ya mwaka 2025. Jagina hazaliwi humo. Akutwa akiwa kazini kwa miaka 3, naye ameshindwa vitani. Zaidi ya hayo, asili yake imebadilishwa: ujumbe wa wazazi wake waliomzaa wageuka kuwa amri ya kuwatawala wanadamu. Wapenzi wa kale walichukizwa, na haki ya kuchukizwa wanayo. Lakini mhusika huyo, katikati ya vita, ajali hata uhai wa kindi mmoja. Aisikia amri ya damu yake, naye achagua malezi ya wakulima wa Kansas. Asili imepindwa, hulka imesimama.

Atasema mtu kwamba Spider-Man hana maana bila ya asili, kwani alimwacha mwizi apite, na mwizi yule ndiye aliyemuua mjomba wake. Ni kweli, lakini asili hiyo si buibui, ni dhambi. Mwaka 2016, katika Captain America: Civil War, kijana huyo aliingia bila ya buibui wala mjomba kuonyeshwa, akaueleza mzigo wake kwa maneno machache chumbani mwake, na ukaonekana mabegani.

Vijana wengi, visiwani kama kwingineko, huupima wema na ubaya kwa majagina hawa. Wakifundishwa kwamba mwenye msiba mkubwa ana ruhusa ya kuua, somo hilo halifutwi kwa kuoneshwa alivyozaliwa. Mwenye kamera na aache kumzalisha mama yule yule kila baada ya miaka michache. Amtoe jagina akiwa mtu mzima, amtie majaribuni, na amwache aushike mwiko wake hadi kisimani.