Karamu ya boti huanzia Feri na Kariakoo

KARAMU ya faragha ya usiku ndani ya boti ya kifahari si jambo geni tena jijini Dar es Salaam. Kampuni humuaga meneja anayestaafu, wazazi humpongeza binti aliyemaliza chuo, na wanandoa huadhimisha miaka yao baharini badala ya ukumbini. Mara nyingi mpango mzima huanza na swali moja: boti ni shilingi ngapi kwa saa? Chakula hufikiriwa mwishoni, na bajeti yake huwa zile fedha zilizosalia.

Mpangilio huo una hasara kwa mwenye shughuli na kwa mzalishaji. Kinachowekwa mezani kinapatikana katikati ya jiji. Kutoka soko la samaki la Feri, Magogoni, hadi Kariakoo ni mwendo wa kilomita kama tatu tu, na katika eneo hilo dogo hukutana mavuno ya sehemu mbalimbali za nchi.

Anayefika Feri saa 12 asubuhi hukuta changu, kolekole, nguru, jodari na ngisi wakiuzwa kwa mnada. Anayefika saa 5 hununua kwa mchuuzi aliyeshinda mnada huo, na bei imekwisha kubeba faida ya mtu wa pili, pengine wa tatu. Wageni 30, kila mmoja akipewa changu mzima wa gramu 400, wanahitaji kilo 12 za samaki. Kwa kiasi hicho, tofauti ya bei ya mnadani na ya rejareja yaweza kulipia barafu yote na nauli ya kuifikisha kwenye boti.

Upande wa mboga na matunda, sahani moja huweza kubeba karoti na saladi za Lushoto, nyanya za Ilula, vitunguu vya Mang'ola, mchele wa Kyela, mananasi ya Kiwangwa na machungwa ya Muheza. Tangu moto wa Julai 10, 2021 ulipounguza soko kuu la Kariakoo, wafanyabiashara wengi walitawanyika, wengine wakahamia Kisutu. Waliokuwa na wateja wao wa jumla ilibidi waanze kuwatafuta upya. Mnunuzi mwenye oda ya uhakika, hata ikiwa ndogo, ni mtu wa kupokewa kwa mikono miwili.

Hata hivyo, baadhi ya wapishi wa karamu hizi huwapita wote hao na kununua samaki wa kugandishwa na juisi za pakiti katika maduka makubwa. Sababu haiko kwenye ladha. Iko kwenye risiti. Tangu mashine za kielektroniki za kodi zilipoanza kutumika mwaka 2010, mhasibu wa kampuni huuliza karatasi kwanza. Mama anayeuza ngisi Feri mauzo yake ni madogo, na sheria haimlazimishi kuwa na mashine. Nafuu aliyopewa ili asisumbuliwe ndiyo hiyo hiyo inayomnyima mteja mkubwa. Wauzaji wa aina hiyo wakiunda kikundi kilichosajiliwa, chenye mashine moja na akaunti moja ya benki, mhasibu hatakuwa na la kusema. Halmashauri zenye maofisa ushirika zingeweza kuanza na hilo kabla ya kuitisha semina nyingine.

Suala la tarehe nalo hupangwa kwa mapenzi zaidi kuliko hesabu. Wengi huchagua usiku wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa na vibua huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivutii samaki, hivyo wengi wao hupumzika na bei hupanda. Aidha, siku hizo ni za bamvua. Katika pwani ya Dar es Salaam bamvua hujaa mnamo saa 10 jioni na kukauka mnamo saa 4 usiku, na tofauti ya kina hupita mita 3. Boti iliyopakia wageni kwa raha saa 11 jioni hurudi saa 4 na kukuta maji yamekimbia, na wageni waliovalia suti wanashuka kwenye tope wakiwa na viatu mkononi. Ama gati la kutia nanga liwe lenye kina, ama tarehe isogezwe wiki moja hadi maji mafu.

Jua nalo halingoji hotuba. Huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi kutegemea mwezi wa mwaka, na giza huingia haraka. Anayetaka wageni wake waone machweo asiandike saa 12 kwenye kadi, kwani wapo watakaofika saa 1.

Kuhusu usalama hapafai kubembelezana. Bara, ukaguzi wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililorithi majukumu ya majini ya iliyokuwa SUMATRA. Cheti cha ukaguzi huonyesha idadi ya watu ambao chombo kinaruhusiwa kubeba. Mwenye shughuli akione kwa macho yake kabla ya kulipa, na ajumlishe wapishi, wapiga muziki na wahudumu katika hesabu hiyo. MV Spice Islander I iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012 ikitokea Dar es Salaam, katika msimu wa kusi. Juni na Julai, nahodha akisema bahari imechafuka, mkataba uwe umeruhusu kuahirisha bila kupoteza amana. Jiko la mkaa libaki nchi kavu, chakula kipande kikiwa kimeiva.

Samaki waagizwe Feri siku mbili kabla, kwa kilo na kwa aina mbadala mbili, maana hakuna mvuvi anayeweza kuahidi changu. Malipo yafanyike palepale mnadani. Mvuvi aliyekopesha samaki Jumamosi hawezi kungoja hundi ya kampuni itakayotoka mwisho wa mwezi, wakati injini yake inadai petroli Jumapili alfajiri.