Kuku wa Kienyeji Hana Cheti cha Usalama

Simama jioni kwenye banda la chips, Mbinga mjini au Mbamba Bay, usikilize watu wanavyoagiza. Mwenye hela ya mauzo ya kahawa anauliza kwanza kama kuna wa kienyeji. Akijibiwa kwamba amebaki wa kisasa tu, anakunja uso, anaagiza chips mayai, kisha anawageukia wenzake: hao kuku wa wiki sita wanachomwa sindano za homoni, ndiyo maana vijana wa siku hizi wanaota matiti. Hakuna anayembishia. Ukifika Kitura utasikia maneno hayohayo. Ni uongo, na uongo huu unatuficha hatari yenyewe.

Kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga kuku wa mbegu ya 1957, ya 1978 na ya 2005 kwa chakula kilekile. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti yote hiyo imeletwa na kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Halafu tujiulize: homoni ya ukuaji ni protini, ukiichanganya kwenye pumba tumbo la kuku litaimeng'enya kama chakula kingine. Ingebidi achomwe mmoja mmoja, tena mara kwa mara. Mfugaji anayelia na bei ya mashudu atazitoa wapi hela na muda wa kazi hiyo?

Na huyo wa kienyeji tunayemwapia? Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni chotara: Sasso, mbegu ya Kifaransa, au Kuroiler kutoka India. Ni kuku wazuri, sina ugomvi nao, ila mlaji analipia jina.

Aliye wa kienyeji kweli naye ana mambo yake. Msimu wa kahawa, watu wanaposhika hela, ni kiangazi, na kiangazi ndipo ugonjwa wa mdondo unapopenda kupiga. Kuku anaanza kuharisha kijani, mabawa yanalegea, shingo inapinda. Siku hiyo kijiji kizima kinawahi kuchinja au kuuza kabla banda halijaisha. Wengine wanafungua kapsuli za tetrasaikilini zilizonunuliwa kwa ajili ya watu na kuwanywesha kuku, ingawa mdondo ni ugonjwa wa virusi na dawa hiyo haiugusi. Kesho yake kuku huyo yuko sokoni, na mnunuzi anasifia nyama isiyo na kemikali. Kirusi cha mdondo kinakufa kwenye sufuria. Dawa iliyobaki kwenye nyama haina uhakika huo, na utumbo na manyoya yaliyotupwa jalalani yanaupeleka ugonjwa kwa kuku wa jirani.

Wafugaji wa kuku wa kisasa nao siwatetei kwa kila jambo. Wapo wanaotoa antibiotiki leo na kuuza kesho, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo pa kuwabana. Lakini tukimaliza hasira zote kwenye homoni ambazo hazipo, nani atamuuliza mfugaji alitoa dawa lini? Nani atachungulia yale mafuta meusi kwenye karai, yanayokaangiwa tangu juzi?

Kwa hiyo ukifika bandani, uliza kuku katoka kwa nani, mara ya mwisho alipewa dawa lini, na mafuta yamebadilishwa lini. Akiwa wa kisasa na majibu yamenyooka, kula paja lako kwa amani. Nawe unayefuga kienyeji, mwone afisa mifugo wa kata yako kabla kiangazi hakijakolea. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto inatengenezwa hapahapa Tanzania, na kuku anahitaji tone moja tu jichoni kila baada ya miezi 3.