Maoni: Je, Sara Alikosea Kunyamaza?

Mwanafunzi mpendwa, ukiulizwa kama Sara wa "Mame Bakari" ni mwoga, usikimbilie kujibu ndiyo. Wengi huandika kwamba angepiga kelele, raia wajae na kulimaliza lile janadume. Mimi sikubali. Maiti haihojiwi wala haikiri kosa, na Sara angebaki na hofu ileile ya Mzee Subeti. Tena umati wa usiku humkamata yeyote aliye karibu.

Wewe uliye Hulugho unaijua njia nyingine, maslaha. Wazee huketi, ngamia hutajwa, mambo yakaisha. Msichana mwenyewe mara nyingi huwa hajaulizwa! Hapo naona siri ikizikwa mara ya pili. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 40, uamuzi wa kusitisha kesi kama hii si wa familia wala wa wazee. Kweli, Mahakama Kuu iko mbali, Garissa mjini. Lakini nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na hata Sarina, rafiki aliyeaminiwa siri, angeweza kuipiga.